Mkono Uliomlisha Longino

Niliishia pale nilipomwona mume wangu akioga nyuma ya nyumba, na kifuani mwake kuna chale mbichi.

Kwa aliyelikosa toleo lile, nieleze kwa kifupi. Mimi ni Josepha, Mhaya, binti wa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni. Baba alinikana siku nilipoolewa na Nkwabi, Msukuma, tena mwinjilisti wa Kilutheri. Ulipofika mwaka wa Operesheni, ule wa sabini na nne, tulihamishwa na wenzetu tukapelekwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Sengerema. Jina la kijiji sitalitaja, maana watu wake bado wapo.

Nyumba zilipangwa mstari, mlango ukitazama mlango. Mvua ikagoma. Tukala unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Kisha ikaingia surua, ikawa inapita nyumba hadi nyumba kama mtu anayekusanya michango. Mwanangu Longino, niliyempa jina la baba yangu nikitumaini atanisamehe, tulimzika karibu na sikukuu ya Matawi.

Sasa turudi kwenye chale.

"Nkwabi, hizo ni nini?"

Alishtuka, akavuta shati lililokuwa juu ya ua. "Miiba. Nilikatisha porini."

"Miiba haichanji mistari iliyonyooka."

Alikaa juu ya jiwe la kufulia na maji yakimtiririka, shati limelowa mikononi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kukusanya hirizi za watu, akazichoma mchana kweupe mbele ya kanisa huku akiimba. Wengine walimkimbia siku ile, wakidhani radi itampiga. Haikumpiga.

"Nilikwenda kwa mfumu," alisema. Mfumu ndiye mganga wa kupiga ramli huko Usukumani.

"Wewe? Mwinjilisti?"

"Mimi ni baba, Josepha. Nilitaka kujua."

"Mganga wa zahanati alikwambia. Surua."

"Surua ilimkuta mtoto wa mwenyekiti, akapona. Ikawakuta watoto wa jirani yetu Masalu, wakafa wote wawili. Kwa nini huyu apone, yule afe? Mganga wa zahanati analo jibu la hilo?"

Nikamuuliza nililoogopa kuuliza.

"Mfumu kasemaje?"

"Kasema mkono uliomlisha Longino ndio uliomuua. Mkono wa mwanamke wa nyumbani kwangu."

Nyumbani kwake tulikuwa wanawake wawili tu. Mimi, na mama yake mzazi, Kashindye.

Huyo mama mkwe wangu mmeshamfahamu. Mwaka wote wa kwanza wa ndoa yangu hakula nilichopika. Aliniita Mhaya wa ndizi. Hakuwahi kubatizwa. Mwanawe alipomwomba aingie kanisani alisema, "Mungu wenu anajua ninapokaa, aje anisalimu." Lakini kila Jumapili alikuja, akakaa nje ukutani kwenye kivuli, akangoja ibada iishe ili arudi nyumbani akiongozana na mwanawe.

Na macho yake yalikuwa mekundu. Kijiji kile kuni zilikuwa mbali, tukawa tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unauma. Wazee wote wa kike walikuwa na macho mekundu. Lakini katika nchi ile, bibi mwenye macho mekundu huwa anatazamwa mara mbili.

"Unamfikiria mama yako," nikasema.

Nkwabi alianza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini.

"Ndiye aliyekuwa akimnywesha uji," alisema.

"Na mimi je? Mimi sikumnywesha?"

"Wewe ni mama yake."

Neno lile lilinituliza. Mungu anajua, lilinituliza kabisa. Nilidhani angalau mimi nipo salama ndani ya moyo wa mume wangu.

Habari ya ramli haifichiki. Haikupita wiki, nikaanza kuona mambo. Nikishuka ziwani kuteka maji, wanawake waliokuwa wakifua wanakusanya nguo zao hata hazijasuuzwa. Masalu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliyenishika mkono siku ya kumzika Longino, akawa anapita kama hanioni. Nikamsalimu. Akatema mate pembeni, akaenda zake.

Nikajiambia, ni kwa sababu ya mama mkwe. Wanaogopa nyumba yetu kwa ajili ya yule bibi.

Jioni moja akaja Shimba, mwenyekiti wa kijiji, na shati lake la kijani la chama. Nilimpa kiti, akakataa.

"Ndugu mwinjilisti," alisema, "serikali haiamini uchawi. Chama hakiamini uchawi. Na mimi mwenyewe, kama mwenyekiti, siamini."

"Ahsante, mwenyekiti," Nkwabi akajibu.

"Lakini watu wamechoka kuzika."

Kashindye alikuwa ndani, na nyumba zile hazikuwa na kuta za kuzuia sauti.

"Wanataka nini?" nikauliza.

Alimjibu mume wangu, si mimi. "Wanataka jambo lisemwe mbele ya watu. Jumapili, baada ya ibada, kanisa likiwa limejaa. Lisemwe, liishe. Ama sivyo watalimaliza wenyewe kwa njia wanayoijua, na mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimeitwa wilayani."

"Basi mruhusu mama ahame," nikamwambia. "Ana binti anayekaa Mkolani. Nitampeleka hata kesho."

Shimba akatikisa kichwa. "Mama Longino, sheria unaijua. Hakuna kuhama kijiji. Nikimruhusu mmoja, wote watarudi kwenye mahame yao."

"Akikaa hapa watamuua."

"Nani kasema watamuua? Mimi sijasikia neno hilo."

Aliaga. Alipofika kizingitini akageuka. Sikuelewa kwa nini, lakini alinitazama mimi.

"Na wewe usisafiri," alisema.

Sikumsikiliza. Asubuhi nilijifunga kanga, nikasema naenda zahanati. Zahanati nikaipita bila kugeuza shingo, nikaomba nafasi kwenye lori la pamba, nikavuka kwa kivuko hadi Mwanza. Nilikuwa namfuata Mchungaji Rugemalira.

Mchungaji huyo ni wa kwetu. Ndiye aliyetufungisha ndoa wakati baba yangu alipokuwa ameapa kwamba hana binti. Nilimkuta nyumbani, ndiyo kwanza ameketi kunywa chai. Haikuwa na sukari, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya kusikia tu.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Akanigeuzia Kihaya, akaniuliza habari za nyumbani.

Kusikia lugha ya kwetu kukanivunja. Nililia mpaka mkewe akatoka jikoni. Nikamweleza kila kitu: chale, mfumu, mwenyekiti, Jumapili. Nikamwomba aje amwokoe Kashindye.

Alinisikiliza hadi mwisho, na kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mgumu.

"Wazee wa kanisa wa mtaa wenu walikuwa hapa juzi," alisema.

"Walikuja kumshitaki mama?"

"Mama yupi?"

"Kashindye. Mama mkwe wangu."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Josepha. Kashindye hawakumtaja hata mara moja. Waliyemtaja ni wewe."

Nilicheka. Sijui kwa nini, lakini nilicheka.

"Wanasema watoto waliokufa ni wa shule yako ya Jumapili," aliendelea taratibu. "Wanasema uliwashika vichwa. Ukawaosha macho kwa maji uliyoyatengeneza mwenyewe."

"Ya chumvi! Mganga wa zahanati ndiye aliyenionyesha. Walikuwa na surua, niwaoshe macho wasipofuke."

"Najua."

"Na mwanangu? Nilimroga na mwanangu?"

"Wanasema hiyo ndiyo ada yenyewe. Kwamba mtu akitaka nguvu hizo, huanza kwa kumtoa wa kwake."

Basi nikaelewa nguo zisizosuuzwa. Nikaelewa mate ya Masalu. Nikaelewa kwa nini mwenyekiti aligeuka mlangoni. Mwezi mzima nilikuwa namhurumia yule bibi, kumbe ninayechimbiwa ni mimi.

Kisha kikanijia kitu kibaya kuliko vyote. Niliwaona wale watoto mkekani, siku za shule ya Jumapili, nikiwaambia wasogeleane, wasogeleane zaidi, wapate nafasi wote. Bega kwa bega. Wengine wakikohoa.

"Mchungaji, surua inaambukizwa kwa pumzi?"

Alinielewa papo hapo. Akaniinamia. "Usilitamke hilo. Mbele ya mtu yeyote, Josepha. Surua ingewafikia tu, mmewekwa pamoja kama njiti za kiberiti. Lakini ukilisema, hakuna atakayesikia neno surua. Watasikia kwamba umekiri."

"Nifanye nini?"

"Kuna meli ya Bukoba. Panda."

"Niende kwa nani? Baba alishanizika."

"Polisi?"

"Nitawaambia nini? Kwamba watu wameacha kunisalimu?"

Nilimwona, mtu mzima, mwenye kanzu na joho na usharika mkubwa mjini, anatafuta neno na hapati. Mwishowe akasema, "Jumapili nitakuja mwenyewe. Nitasimama mimi mbele yao. Mpaka nifike, usiseme lolote."

Nikarudi na neno hilo, nimelikumbatia kama mtu anayebeba moto wa jirani, unaoweza kuzimika njiani.

Nilimkuta Nkwabi uani, anatengeneza jembe. Sikumsalimu.

"Ulijua?"

"Nini?"

"Kwamba wanayemtaja ni mimi."

Jembe likasimama. Hakuinua macho.

"Nilisikia," alisema.

"Na ukanyamaza."

"Mfumu hakutaja jina."

"Sikuulizi ya mfumu. Nakuuliza wewe, uliyelala na mimi, uliyemchimbia kaburi mwanangu. Wewe unasemaje?"

"Sijui, Josepha," alisema. "Mungu anisamehe. Nikimtazama mama, nasema siye. Nikikutazama wewe, nasema siye. Kisha nakumbuka kwamba mtoto amekufa. Sijui."

Afadhali angenipiga.

Niliingia jikoni, maana hakukuwa na kwingine kwa kwenda. Kashindye alikuwa anapuliza moto. Nilikaa upande wa pili wa mafiga, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine duniani, nikamwambia yeye. Mwanamke ambaye hakunipenda.

Alisikiliza huku akikoroga. Nilipomaliza akanyanyua mwiko.

"Wanasema ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe usiyejua hata kusonga ugali. Utajua kuroga?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Yeye hakucheka. Aliendelea kukoroga ule unga wa njano, ambao hata ukiukoroga vipi hauachi kuwa na mabonge.

"Ukirudi kwenu watakupokea?"

"Hapana."

"Na huyu mwanangu?"

"Anasema hajui."

Alitoa mlio kooni, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha akanyoosha kidole, bila haya, kuelekea tumboni kwangu.

"Na huyo utamzalia wapi?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mwenyewe nilikuwa bado sijakubali.

"Mama, umejuaje?"

"Dagaa wakikaangwa unakimbilia nje. Nimezaa watoto wengi, na wengi nimewazika. Mambo hayo hayanipiti." Akaepua chungu. "Umemwambia mumeo?"

"Bado. Nikimwambia sasa, watu watasema ni Longino amerudi kwa uchawi."

"Basi usimwambie." Akanipakulia ugali, akanipa kipande kikubwa kuliko chake. "Kula. Jumapili ni mbali."

Haikuwa mbali.

Asubuhi ile kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Waliokuja hawakuwa Walutheri tu. Walikuja wa madhehebu mengine, na wasiokuwa na dini, na wazee ambao siku zote huwa hawaonekani mpaka kuwe na ng'ombe aliyechinjwa. Wanaume wengine hawakuingia. Walisimama nje kwenye jua na fimbo zao, wanazungumza polepole. Ndani wanawake walikaa upande wao, na mimi nilipokaa, benchi lote likabaki langu.

Shimba alikuwepo. Wilayani hakuwa ameitwa.

Nilikuwa natazama mlangoni. Kila kivuli kilichopita nilidhani ni Mchungaji Rugemalira. Nyimbo ziliimbwa, nyingi kuliko kawaida, maana Nkwabi alikuwa amepata habari za ujio wake, naye alikuwa anamngoja. Tukazimaliza nyimbo. Hapo akaingia mzee mmoja wa kanisa akiwa na vumbi miguuni, akamnong'oneza Nkwabi, na Nkwabi akatutangazia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Kivuko kimeharibika. Mchungaji yuko ng'ambo. Hawezi kuvuka leo."

Nilihisi kanisa zima linapumua. Wengine walipumua kwa huzuni. Wengi hawakuwa na huzuni.

Nkwabi akafungua Biblia. Alisoma, lakini sikusikia alichosoma, na nadhani hata yeye hakusikia. Alipoanza kuhubiri, Masalu akasimama. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alisimama kama mtu anayeomba maji.

"Mwinjilisti, nisamehe. Kabla hujatuombea, nina neno moja."

"Masalu, tuko ibadani."

"Nami niko ibadani. Nilikuwa na watoto wawili. Niliwaleta hapa kila Jumapili kwa sababu wewe ulisema nilete. Mkeo aliwapokea hapo mlangoni. Akawaosha macho." Sauti yake ikapasuka. "Nauliza tu. Aliwaosha kwa nini? Ni nini kilikuwa kwenye yale maji? Mwambie aseme, nami nitakwenda nyumbani kulala. Sijalala tangu siku ile."

Sikuweza kumchukia. Wasomaji wangu, nilijaribu, sikuweza. Ningekuwa yeye, ningeuliza vilevile.

Nilisimama. "Chumvi, Masalu. Ilikuwa chumvi na maji ya kuchemsha."

"Uongo!" mwanaume mmoja akapaza sauti dirishani.

"Mhaya huyo!" akaitikia mwingine. "Kabla hajaja tulikuwa tunazika wazee, si watoto!"

Kanisa likavurugika. Watu wakasimama, mabenchi yakaanguka. Shimba akanyanyua mkono, watu wakanyamaza, na yeye akamgeukia mume wangu kwa heshima zote.

"Mwinjilisti. Wewe ndiye mwenye nyumba na wewe ndiye mwenye kanisa. Neno lako watalisikia. Sema. Mkeo ni mtu safi?"

Nilimtazama Nkwabi. Neno moja tu. Sikuhitaji hotuba. Aseme "ndiyo", nasi tufe pamoja ikibidi. Alikuwa ameshika kingo za mimbari kwa mikono yote miwili, na jasho linadondoka juu ya Biblia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akainamisha kichwa.

Wanaume wa fimbo wakaanza kuingia.

Ndipo nikasikia sauti nyuma, kavu, inaongea Kisukuma.

"Mniache nipite."

Kashindye alikuwa ameingia. Tangu kanisa lile lijengwe hakuwahi kuvuka mlango wake. Aliwapita wanaume wale akiwasukuma kwa kiwiko, kama mtu anayetawanya mbuzi, akatembea katikati ya mabenchi yaliyoanguka hadi mbele kabisa. Alisimama chini ya mimbari ya mwanawe, akageukia watu. Macho yake mekundu yalikuwa makavu.

"Huyu mnayemsumbua ni mtoto," alisema. "Hajui lolote. Ni mimi."

"Mama," Nkwabi akanong'ona.

"Nyamaza. Nilikuwa peke yangu. Watoto wa Masalu ni mimi. Wa huyu na wa yule ni mimi. Longino ni mimi, nilimpa kwenye uji. Mhaya huyu alikuwa anawaosha macho wapone, nami nikipita nyuma yake. Mmeshajua. Sasa mwacheni aende nyumbani."

Masalu alipiga yowe, akaanguka.

Mimi nilikuwa pale siku Longino alipokufa. Uji ule wa mwisho nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu, na yule bibi hakuwa hata ndani. Alikuwa amekwenda mbali kutafuta maziwa, akarudi nayo jioni, akakuta tumeshamfunika mtoto. Akayamwaga mlangoni, hakumwambia mtu. Alikuwa anadanganya. Alisimama kanisani, mbele ya msalaba asioujua, akadanganya kila neno.

Nilingoja mwanawe akatae. Alimjua mama yake. Alinyonya kwake.

Nkwabi aliteremka mimbarini. Alimwendea mama yake, akamshika mkono kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa, akaanza kumtembeza kuelekea mlangoni, kwa wale wanaume. Nao wakampisha. Alipopita mbele yangu niliuona uso wake, na sitausahau mpaka niingie kaburini. Hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Alikuwa amepata jibu.

Kashindye naye alinitazama, akanitikisia kichwa kidogo. Alikuwa ananikataza.

Nilijua ananikataza nini. Nilijua pia kwamba kulikuwa na mwingine wa kumfikiria, asiyekuwa na jina. Kinywa hakikunisikiliza. Nilijikuta nimepanda juu ya benchi.

"Anadanganya!" nililia. "Jamani, huyu mama anadanganya! Hakuwepo! Uji si yeye aliyempa!"

Nkwabi akasimama. Wanaume wakasimama.

Shimba ndiye aliyegeuka. Alivuka yale mabenchi taratibu, akaja mpaka chini ya benchi langu, akainua uso. Aliuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeulizia njia.

"Haya, Mama Longino. Kama si yeye aliyempa, basi ni nani?"